Nilikufa Mtoni, Nikafika Kisiwani

Gereji,
2 Juni 1991

Mpwa wangu kipenzi,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkwe wetu, namsalimu na huyo aliyemo tumboni ambaye bado hajajua ana babu wa namna gani. Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua, lakini mdomo haujambo. Mimi nina afya ya kutisha. Juzi niliinua injini ya lori peke yangu, watu wakaja mbio kunishika wakidhani nimepandwa na wazimu. Lori lenyewe lilikuwa dogo, sikatai, lakini lori ni lori.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Nimeelewa. Mimba ya kwanza ilitoka, hii imefika mbali, mkunga amekwambia Agosti, na wewe unasema huingii chumba cha kuzalia kama mama yako hajakaa mlangoni. Umemwandikia huko kisiwani anakoshona nyavu za watu, kimya. Sasa atajibu vipi? Dada yangu hajui kusoma, na kule posta haifiki. Barua zinapelekwa na wachuuzi, nyingine zinaishia kufungia karanga. Basi hilo niachie mimi. Namfuata mwenyewe.

Gari haliendi kule, lakini mjomba wako ana Bi Kelele. Humjui Bi Kelele! Ni pikipiki niliyoiokota vipande vipande, tangi kwa huyu, fremu kwa yule, taa ya mbele nimeing'oa kwenye trekta lililokufa, nikaiunganisha kwa mikono hii hii. Ikiwaka, kuku wa mtaa wa pili wanataga kabla ya wakati. Kuna injinia wa barabara aliiona akavua kofia. Nitakwenda nayo njia ya vumbi mpaka ziwani, nitailaza kwenye boti, nitashuka nayo kisiwani, nitampakia mama yako nyuma, na utatusikia tunakuja kabla hujatuona.

Usiwe na wasiwasi. Wote waliowahi kuwa na wasiwasi juu yangu wamezeeka bure.

Mjomba wako,
Fundi Jino
(jino la dhahabu linang'aa kuliko ulivyoliacha)


Kiwanda cha Sare,
11 Juni 1991

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo. Miguu imevimba, viatu vyangu sasa vinanitazama tu kutoka chini ya kitanda. Kiwandani wamenitoa kwenye cherehani, nakaa kwenye benchi nashona vifungo vya mashati ya askari. Msimamizi ananiita "Meneja" kwa sababu ya tumbo. Mwambie mkaza mjomba apake goti mafuta ya moto, asilisimamie sana.

Niliposoma kwamba unamfuata Mama nililia kwa furaha. Lakini Mjomba, kwa heshima zote, nakuomba jambo moja. Usisimame njiani kupiga hadithi. Nakujua tangu mdogo. Unajifunga kitambaa usoni, unaanza "palikuwa na fundi mmoja," unamzungusha huyo fundi, unampitisha motoni, watu wametoa macho, halafu mwisho kabisa unashusha kitambaa unaonyesha jino: "Ndiye mimi!" Siku ya harusi yangu chakula kilipoa kwa ajili ya jino lako. Safari hii nenda moja kwa moja.

Na Mama najua anaogopa maji, boti hapandi mpaka asukumwe. Mwambie sihitaji zawadi. Namhitaji yeye. Ile mara ya kwanza nilikuwa peke yangu.

Mpwa wako


Ufukweni mwa ziwa,
28 Juni 1991

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mtu aliyejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nikipiga chafya linatoka wingu. Nimefikia kwa mama muuza chai hapa ufukweni. Ana wajukuu wengi na wote wananiita Babu Pikipiki, nimewasamehe. Natumaini miguu imepungua.

Sasa sikia barabara. Kwanza siyo barabara, ni ugomvi. Malori yameichimba mpaka ukiingia kwenye mfereji wa tairi unaona miguu ya watu tu. Kwingine imejikunja makunyanzi, usukani unatetemeka hadi meno yanagongana, isipokuwa la dhahabu, hilo lina heshima zake. Nilimpita chui akihema kivulini. Aliniangalia kama anayeomba lifti.

Nikafika mtoni. Daraja limebaki nguzo, mbao wamezichoma. Watu wengine wangerudi. Mimi nikamwambia Bi Kelele, "Mama, funga pumzi," tukaingia. Maji magoti, maji kiuno, maji shingo! Katikati akanywa maji akazima. Nikambeba. Ndiyo, nikambeba begani kama mtoto, nikatoka naye ng'ambo. (Walikuwepo na watu wawili wakishika nyuma, lakini kwa kusindikiza tu.)

Kabureta ikabidi niifungue yote, niianike juu ya jiwe, na waya wa klachi ulikuwa umekatika, nikakaa kusubiri lori liniletee mwingine. Ndipo kwenye kibanda cha chai pale ng'ambo watu wakaniuliza habari za mto. Usikunje uso, sikusimama kwa hadithi, nilisimamishwa na klachi. Nikafunga kitambaa changu, nikaanza. "Palikuwa na fundi mmoja, simba wa mafundi, Fundi Jino, mdogo wake yule mama mshona nyavu wa kisiwani." Nikamwingiza mtoni. Nikamzamisha. Mpwa, walinyamaza hadi birika likasikika! Nikasema maji yalimmeza, ukabaki mkono tu juu, halafu mkono nao ukaaga. Mama mmoja mchuuzi wa nyanya alikuwa analia machozi ya kweli. Bahati yake mbaya lori lake likapiga honi, akadandia, akaukosa utamu wote: jinsi mamba alivyomtema fundi kwa sababu ya ladha ya grisi, na kitambaa kushuka, na jino. Wengine walipiga meza makofi. Mmoja alimwaga chai.

Keshokutwa navuka. Andaa godoro la mama yako.

Fundi Jino


Kisiwani,
30 Juni 1991

Mpwa,

Salamu. Natumaini hamjambo. Mimi sijui nijiite nani.

Nimefika leo mchana. Gati lao ni mawe na mbao chache. Nilipoishusha Bi Kelele nikaiwasha, mwanamke aliyekuwa akisugua sufuria alinitazama usoni akapiga ukelele, sufuria ikaenda na maji. Mwanamume aliyekuwa akitengeneza mashine ya boti akarukia ziwani na nguo zake. Mimi nikafikiri ni pikipiki, watu hawajaizoea. Nikapiga honi nikawapungia. Wakazidi kukimbia.

Nikapanda kwa dada. Uani kwake mikeka imetandikwa, watu wamejaa, nyavu zimeondolewa kwenye nguzo. Vilio. Nikasema moyoni, dada yangu amekwenda. Nikazima injini. Nikashusha kitambaa, nikauliza, "Poleni jamani. Nani amefariki?"

Seremala wa boti, mzee mwenye penseli sikioni, akainua kidole polepole akanielekezea kifuani.

"Wewe."

Seremala akaja akanigusa kwa ncha ya rula yake, bega, halafu shavu. Akasema, "Fungua mdomo." Nikafungua. Alipoliona jino akakaa chini mwenyewe. Na pembeni alikuwepo yule mama wa nyanya, amezimia, wanampepea. Alipozinduka akasema, "Lakini nilisikia kwa masikio yangu! Mkono nao ukaaga!"

Nikauliza, dada yuko wapi?

Habari ilimfikia jana. Leo asubuhi upepo ulikuwa umeanza, wenye boti wakakataa kutoka. Muuza mkaa peke yake ndiye aliyekubali, na mama yako, anayeogopa hata maji ya beseni, akarukia ndani bila viatu. Alisema anakwenda kumzika mdogo wake, hawezi kuchelewa.

Tulipishana, mpwa. Nikiwa ziwani niliona boti kwa mbali, mama amekaa katikati, kitambaa kichwani, ameinamisha uso. Nilimpungia mkono. Nilifanya mbwembwe, nikainuka, nikapunga kwa mikono miwili.

Sasa ni jioni. Upepo umevuma mchana kutwa. Boti zilizoingia baadaye zinasema hazikumwona muuza mkaa njiani wala kule ufukweni. Viatu vya mama yako viko mlangoni. Sindano yake ya kushonea ameiacha imechomekwa kwenye wavu, uzi unaning'inia.

Sijui kama barua hii nitaituma. Wewe ni mjamzito.

Mjomba


Kiwanda cha Sare,
12 Julai 1991

Mjomba, shikamoo sana. Mkaza mjomba naye shikamoo.

Asante! Mama amefika! Amefika tarehe saba juu ya lori la magunia, miguu mitupu, midomo imepasuka kwa jua. Nilipomwona mlangoni vifungo vyote vilinimwagika. Anasema upepo uliwatupa upande mwingine wa ziwa, wakaburuta boti juu ya mawe, muuza mkaa akaenda kwa ndugu zake na yeye akapata lori la kuja huku. Lakini Mjomba, uko wapi? Kwa nini alikuja peke yake? Nilipomuuliza alisema, "Yuko nyuma." Nikauliza nyuma wapi, akatoka uani.

Nakuandikia kwa anwani ya gereji maana sijui nikupatie wapi. Mama hali chakula vizuri. Anakaa kizingitini na uzi niliotoka nao kiwandani, anashona wavu usio na mwisho. Juzi mume wangu alimtania, "Mama, yule mdogo wako mwenye pikipiki ya trekta ameishiwa petroli?" Mama akamvuta pembeni wakanong'ona. Tangu hapo mume wangu ananiita kwa sauti ya hospitalini. Anaosha vyombo, Mjomba! Hajawahi kuosha hata kikombe. Kuna nini?

Kama mmegombana njiani, yamalizeni. Nimemwambia Mama nakuandikia, akasema, "Usimwandikie." Macho yake sikuyapenda.

Mpwa wako


Ufukweni,
19 Julai 1991

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa mkwe.

Naituma hii pamoja na ile ya kisiwani. Nimeona si haki ukae bila kujua.

Nimezunguka ufuko na pikipiki, kila wanapotua watu nimeuliza. Boti ya muuza mkaa nimeiona. Iko juu ya mawe, imepinduliwa. Haina mtu. Hakuna anayejua chochote.

Siku iliyofuata nilianguka. Mguu umevunjika, zahanati wameufunga plasta, wamesema nisisafiri. Mama muuza chai amenipa chumba. Watu wanaokuja hapa wananiomba hadithi. Nawaambia sina.

Ukipata habari yoyote niandikie hapa, madereva wa malori wanapajua.

Mjomba wako


Nyumbani,
30 Julai 1991

Mjomba! Mjomba!

Shikamoo, na salamu nyingine zisubiri. Mama yuko hapa! Yuko hapa tangu Julai saba! Amekaa mbele yangu anamenya viazi! Ile boti waliipindua wenyewe ikauke. Barua yangu ya kukwambia hivyo inakungoja gereji. Zako zote mbili dereva ameniletea leo, nimezisoma nimesimama, mume wangu akanikalisha kwa nguvu. Kumbe Mama amekaa na msiba wako kifuani muda wote huu, akinificha kwa sababu ya mimba, na mume wangu naye kaunyamazia! Nikacheka, nikalia, mtoto akapiga teke mpaka bakuli likaanguka.

Lakini tumeingia shimo lingine. Haamini.

Nimemwambia, "Mama, Mjomba yuko hai!"

"Nani kakwambia?"

"Ameandika mwenyewe."

"Soma."

Nikaanza na ya tarehe kumi na tisa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi. Halafu akauliza, "Mguu umevunjika vipi?"

"Alianguka."

"Alianguka tu?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Hakuna kiboko?"

"Hakuna, Mama."

"Wala nyoka? Wala radi?" Akatikisa kichwa. "Mdogo wangu hajawahi kwenda hata chooni bila kukutana na chui. Leo avunjike mguu aseme 'nilianguka'? Hii umeitunga wewe, mwanangu, unanibembeleza. Kumbe ulishajua amekufa." Akaanza kunipa pole! Akanikumbatia, akalia kwa sauti, maana sasa hana haja ya kunificha.

Nikasema ngoja, ipo nyingine, nikamsomea ya kisiwani. Ikawa mbaya zaidi. Nilipofika pale watu wanakimbia na seremala anakugusa kwa rula, alishika kifua. "Unasikia? Amerudi kuniaga. Kafika kwenye matanga yake mwenyewe akiuliza nani amefariki. Maiti gani huyo anayehangaika hivyo!"

Sasa amefunga kifurushi. Anasema siku ile lori pekee lililokuwepo lilikuwa la kuja huku, lakini kuna jingine wiki mbili zijazo, atakwenda mtoni kutafuta ulipolala akutie udongo. Mkunga naye amesema ni wiki hizo hizo. Nimempigia magoti, Mjomba, na tumbo hili. Anasema, "Wewe una mume. Yeye yuko majini peke yake."

Najua huwezi kuja na huo mguu. Basi andika. Mwandikie yeye. Na nakuomba, mimi niliyekukataza: usiniletee ukweli hata kidogo.

Mpwa wako


Ufukweni,
5 Agosti 1991

Dada yangu, mzaliwa wa kwanza kwetu, shikamoo.

Shikamoo tena, maana ile ya kwanza imetetemeka. Natumaini viazi vimeiva. Mimi mzima kuliko wazima. Plasta ya mguu wangu wamechanganya simenti ya daraja, mbu wakinigonga wanavunjika midomo.

Sasa tulia, mwambie na binti aketi.

Palikuwa na fundi mmoja, simba wa mafundi, amejifunga kitambaa usoni. Alipanda boti kwenda kisiwani kumchukua dada yake. Katikati ya ziwa akaona boti nyingine mbali, imembeba mama aliyeinamisha uso. Fundi akapunga. Mama hakuona. Fundi huyu alishapigana na chui, alishaikemea radi ikarudi mawinguni, lakini siku aliyoambiwa nani alikuwa kwenye ile boti, magoti yalimwisha.

Akaenda ufukweni, akapiga magoti hayo hayo yaliyokwisha, akaanza kulinywa ziwa. Akanywa asubuhi, akanywa mchana. Samaki wakalalamika, wakamtuma kambale mwenye masharubu kuja kuuliza kulikoni. Fundi akasema kinywa kikiwa kimejaa, "Namtafuta dada yangu, kaa pembeni." Akanywa mpaka chini pakaonekana, matope na mawe na nanga za watu na sufuria moja mpya. Akatembea humo chini akiita. Akageuza kila jiwe. Dada hayumo.

Basi akakaa kwenye tope akalia, na kwa yale machozi ziwa likarudi kama lilivyokuwa, limezidi kidogo, hata wenye boti wanashukuru. Akiwa anatoka, kiboko akamwambia, "Pole, lakini umenikanyaga." Fundi akampiga teke. Mguu ukavunjika. Kiboko naye sasa anatembelea fimbo, nimemkuta zahanati, tumekaa benchi moja.

Akiwa pale amelala, mguu juu, ikaja barua ya binti mmoja: dada yako yuko kwangu, anamenya viazi. Yule fundi, dada, alipiga kelele hiyo mpaka mama muuza chai akaacha birika likaungua. Kisha akashusha kitambaa.

Ndiye mimi.

Usiende mtoni, sipo kule. Kaa mlangoni kwa binti. Mimi naletewa gongo la kutembelea na seremala wa boti, nikisimama tu nakuja.

Mdogo wako,
Fundi Jino


Nyumbani,
17 Agosti 1991

Mjomba, shikamoo. Na mjukuu wako wa kike anakuamkia, ana sauti ya Bi Kelele.

Barua yako ilifika kifurushi cha Mama kikiwa mlangoni na lori ni la kesho yake. Nilimsomea nikiwa nimeshika ukuta, uchungu umeanza na sijamwambia mtu. Kwa chui hakusema kitu. Kwa radi hakusema kitu. Ulipoanza kulinywa ziwa, mdomo ukaanza kumcheza. Kambale alipotumwa, akajifunika kanga. Kiboko alipokaa benchi la zahanati, Mama alirusha kanga akapiga ukelele majirani wakaja: "Mwongo! Mwongo mkubwa! Yuko hai, mshenzi yule, yuko hai!" Akacheka hadi akakaa chini, na alipokaa akanirudisha, "Soma tena pale alipokuwa anaita." Nikasoma. Hapo hakucheka.

Ndipo akaniangalia mikono ukutani akasema, "Na wewe tangu lini?"

Alikaa mlangoni mwa chumba cha kuzalia kuanzia nilipoingia. Nilikuwa namsikia. Kila uchungu ulipokuja nilisikia sauti yake kule nje, anawasimulia wanawake wengine hadithi ya fundi aliyekunywa ziwa, na kila anayepita anamwanzia upya. Ila yeye anaisimulia vingine. Anaanza, "Hakufa, yuko hai, ana jino la dhahabu. Sasa sikilizeni."

Anasema upone. Anasema ukifika hapa usipige hodi, usianze na shikamoo, wala usije na kitambaa usoni. Chungulia dirishani kwanza, ufungue mdomo, alione jino. Ndipo atakufungulia.

Mpwa wako,
Mama Mtoto